Stebilaiza mpya inalia, na mkia wa gari unataka kunipita

SWALI: Fundi habari za kazi. Nilichoka gari kulala kwenye kona utadhani mtumbwi, nikanunua stebilaiza nene ya nyuma (kile chuma kinachounganisha tairi ya kushoto na ya kulia gari lisilale), milimita 20, ya zamani ilikuwa 16, nikaifunga mwenyewe uani. Upande wa kwanza iliingia freshi, wa pili linki (kile kijiti kinachoshikana na ncha ya stebilaiza) ikagoma kufika kwenye tundu nikailazimisha kwa bomba. Sasa gari halilali kweli, ila likipanda tuta linalia kwiii, kwenye njia mbovu linagonga ko ko ko, na juzi kwenye mvua nimeingia kona mkia ukataka kunipita. Nirudishe ya zamani?

JIBU: Subiri kwanza usifungue. Kulia na kugonga ni ufungaji wako tu, la mkia ndio zito.

Milimita 4 unaona ndogo, lakini ugumu wa stebilaiza unapanda kwa kipenyo kuzidishwa chenyewe kwa chenyewe mara nne, kwa hiyo kutoka 16 kwenda 20 umeongeza karibu mara mbili na nusu, na umeongeza nyuma tu, ndio maana tairi za nyuma zinaachia barabara kabla ya za mbele. Cheki kwenye ncha kama ina matundu zaidi ya moja. La mwishoni kabisa ndio laini, la karibu na mkunjo ndio gumu, hamishia la mwishoni pande zote mbili. Kama ni tundu moja tu, hapo ndugu yangu rudisha ya zamani, mvua haina urafiki.

Ile linki iliyogoma, bila shaka uliinua upande mmoja? Tairi moja juu nyingine chini chuma kinajipinda, lazima kikatae. Inua zote mbili za nyuma, weka stendi, usiingie chini gari likiwa limeshikwa na jeki peke yake hata kwa dakika moja. Halafu angalia buti ya hiyo linki, yaani kifuniko chake cha mpira, bomba huwa linachana mpira.

Kugonga huko mara nyingi ni nati ya linki: pini inazunguka pamoja na nati wewe unahisi imekaza kumbe wapi, kwa hiyo ishike pini kwa alenki (ufunguo wa pembe sita) huku unakaza, na malizia na spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza) kwa kipimo kilichokuja na stebilaiza. Ile kwiii ni bushi kavu, yaani mipira inayoshika stebilaiza kwenye breketi, zile ngumu za poliyurethani zinataka grisi ya silikoni kwa ndani zinapokumbatia chuma, sio hii ya beringi. Ukiwa hapo hapo hakikisha chuma kimekaa katikati na hakigusi egzosi wala paipu ya breki.

Boliti za breketi zikaze mara ya mwisho gari likiwa limekalia tairi zake, ukitembea kama kilomita 200 zipitie tena.