Kabla hujawasha kompyuta, jua mwanafunzi anakwama wapi

Kipindi cha kwanza nilichofundisha uandishi wa Kiingereza kwa kompyuta kilikuwa cha dakika 40. Dakika 25 ziliishia kwenye nywila. Huyu kaisahau, yule kaweka herufi kubwa pasipotakiwa, mwingine skrini ilimwambia asubiri na akasubiri kweli, mikono mapajani, mpaka kengele ikalia. Waliofanikiwa kuingia waliandika sentensi mbili tatu, kisha wakahamia kwenye kuchagua rangi ya maandishi. Na mimi kwenye andalio la somo nilikuwa nimeandika kwa fahari: "Wanafunzi watatumia teknolojia kuandika insha." Kwa maneno hayo, lengo lilitimia.

Nywila nazo zina balaa lake, lakini kosa lilikuwa langu. Nilianza na kifaa, ndipo nikatafuta cha kukifanyia. Siku hizi andalio langu linaanza na maswali mawili. La kwanza: kipindi kikiisha mwanafunzi awe ameandika nini, na nani atakisoma? La pili: akiwa anaandika hicho, atakwama wapi? Hili la pili ndilo linalonichagulia chombo, na mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, chombo chenyewe huwa karatasi na penseli.

Maana kukwama si kwa aina moja. Kuna asiye na la kusema. Kuna mwenye la kusema ila Kiingereza chake hakimtoshi. Kuna ambaye maneno anayo, lakini aya zake zimerundikana kama nguo zisizokunjwa. Na kuna aliyemaliza vizuri ila makosa yake mwenyewe hayaoni. Ukiwapa wote programu ileile, umewapa wagonjwa wanne kidonge kimoja.

Kwa asiye na la kusema, nimeona rekoda ya simu ikifanya kazi kuliko programu yoyote ya kuchora michoro ya mawazo. Namwambia amsimulie mwenzake kisa kwa dakika mbili, kwa lugha yoyote, hata akichanganya. Anajirekodi, anajisikiliza, anaandika maneno manane tu ya kumkumbusha, ndipo anaanza rasimu. Ninachotahadhari nacho ni ile huduma ya kuongea simu ikaandika yenyewe. Lafudhi ikiisumbua, inaandika neno ambalo mtoto hakulisema, naye anaiamini mashine kuliko kinywa chake.

Chombo ambacho sasa siwezi kupanga somo bila kukifikiria ni hati ya mtandaoni inayotunza historia ya matoleo, yaani kila badiliko tangu mwanzo, kama Google Docs. Zamani insha ilinifikia ikiwa imeiva au imeungua, na jikoni sikuwahi kuingia. Sasa naingia. Kuna hata nyongeza za kivinjari zinazocheza upya uandishi wote tangu herufi ya kwanza, kama mkanda wa video. (Waambie wanafunzi mapema kwamba unaona. Kuwachungulia kimyakimya si ualimu.)

Mwanafunzi mmoja aliandika habari ya siku mama yake alipomfundisha kuendesha baiskeli. Aya moja ilikuwa na "my mother" mara kumi na moja: mama yangu alicheka, mama yangu alinishika, mama yangu aliachia. Kwenye karatasi ningezungushia kalamu nyekundu na kuandika "marudio". Nilipocheza ule mkanda nikaona kitu kingine. Kwenye sentensi ya tatu aliandika "he", akafuta. Akaandika "she", akafuta. Akairudisha "he", akakaa kimya karibu dakika nzima, akafuta tena na kuandika "my mother". Tangu hapo hakugusa kiwakilishi hata kimoja mpaka mwisho. Hakuwa anarudia kwa uvivu, alikuwa anakimbia. Kiswahili kikisema "alicheka" hakikuulizi kama ni mwanamke au mwanamume, Kiingereza kinakuuliza kila sentensi. Somo lililofuata nilipanga juu ya kitu hicho kimoja, na nusu ya darasa ikakiri kwamba nao wana njia zao za kukikwepa.

Hapo ndipo ilipo faida ya teknolojia kwangu, kumwonyesha mwalimu cha kufundisha kesho. Kusahihisha ni jambo jingine, na nalo linahitaji kupangwa. Mwaka 1996 John Truscott, mtafiti wa ufundishaji wa lugha, aliandika kwamba kusahihisha sarufi kwenye maandishi ya wanaojifunza lugha ya pili hakusaidii na kuachwe kabisa. Mtafiti mwenzake, Dana Ferris, akampinga mwaka 1999, na mjadala umeendelea tangu hapo. Mimi siendi umbali wa Truscott, ila kuna siku nilimwelewa. Nilikuwa nimetumia njia ya mapendekezo, ile ambayo mwalimu anarekebisha na mwanafunzi anabofya alama ya tiki kukubali. Nikamtazama mmoja akibofya tiki mfululizo, bila kusoma hata moja, kama anayefukuza nzi. Insha ikawa safi na yeye akabaki vilevile. Sasa naandika maoni pembeni tu, yasiyozidi matatu, juu ya aina moja au mbili za makosa tulizokubaliana mwanzoni mwa wiki. Kurekebisha ni kazi yake, na dakika za kurekebisha zimo ndani ya kipindi. Ukizituma nyumbani hazifanyiki.

Akili mnemba je? Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022 sijakutana na mwalimu wa uandishi asiye na kisa chake. Kanuni yangu ni fupi: rasimu ya kwanza ni ya mtu. Baada ya hapo mashine inaruhusiwa kuuliza maswali, na si kuandika upya. Tunaiambia hivyo waziwazi: niulize maswali matatu kuhusu sehemu usizozielewa, usibadilishe sentensi yangu. Nilifika hapo baada ya mwanafunzi kuandika kwamba babu yake hucheka kwa mabega, "laughs with his shoulders". Akaipeleka kwa mashine, ikamrudishia kwamba babu ana kicheko cha furaha. Sarufi haikuwa na kosa hata kwenye ile ya kwanza. Kilichoondolewa ni babu.

Na usitegemee programu za kugundua maandishi ya mashine. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipitisha insha 91 za TOEFL, mtihani wa kupima Kiingereza, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, kwenye vigunduzi saba. Kwa wastani, zaidi ya nusu zilihesabiwa kuwa za mashine, wakati insha za wanafunzi wa shule wa Marekani karibu zote zilipita salama. Sababu haishangazi: vigunduzi hivyo hushuku maneno rahisi yanayotabirika, na anayejifunza lugha ndiyo maneno aliyonayo. OpenAI wenyewe, waliotengeneza ChatGPT, walikiondoa kigunduzi chao Julai mwaka huohuo kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Ukimshuku mtoto, fungua historia ya hati, kaa naye, muulize aya ya pili ilikujaje. Aliyeiandika atakusimulia hadi alipofuta.

Kuhusu muda, sipangi tena insha nzima kwa kipindi kimoja. Cha kwanza ni cha kuongea na rasimu, mara nyingi kwenye karatasi. Cha pili ni cha kuchapa, kusoma maoni na kurekebisha, na chombo kipya hakizidi kimoja. Kama chombo hakijawahi kutumiwa na darasa, kinajaribiwa siku nyingine kwa maandishi ya mchezo, kila mmoja aandike juu ya viatu vyake, ili siku ya insha mtu asihangaike na vitufe na Kiingereza kwa pamoja. Mtandao ukikatika tunaendelea kwenye karatasi bila hotuba. Na nywila zote ninazo mimi, kwenye daftari dogo ninalolifungia kwenye droo.