Paswedi nimebadili, mbona bado anaingia? Maswali yenu ya kulogin

Msimu wa korosho ukikaribia mifumo ya ofisini huku kwetu inaanza kubanwa na maswali yanakuja mengi, na safari hii karibu yote ni mamoja, aliyetolewa bado anaingia na mwenye haki anagomewa. Ombi langu, kabla hujagusa paswedi ya mtu jiulize kwanza nani anakumbuka majibu ya zamani, ni brauza, ni proksi ya mbele (seva inayopokea maombi kabla hayajafika kwenye mfumo), ni Apache (programu ya seva ya tovuti) au ni programu yenyewe, maana kila mmoja ana kashe yake, yaani hiyo kumbukumbu ya majibu, na ukifuta ya mmoja ya mwenzake iko palepale.

Tandahimba: Kaka, karani wetu wa chama cha msingi kaacha kazi, nikabadili paswedi yake kwenye LDAP (seva inayotunza majina na paswedi za watumiaji) saa hiyohiyo lakini ya zamani bado inafungua. Seva ni Apache. Tumedukuliwa?

Hamjadukuliwa mdogo wangu, ila usichukulie poa. Apache ikishaiuliza LDAP na kujibiwa kuwa paswedi ni sahihi inalitunza lile jibu, na usipogusa kitu LDAPCacheTTL, yaani muda wa kulitunza, ni sekunde 600, yaani dakika kumi nzima mtu akija na paswedi ileile anapitishwa bila LDAP kuulizwa, kama mlinzi wa geti aliyeshaiona sura yako asubuhi. Kwa hiyo subiri dakika kumi zipite ujaribu tena kwa curl -u (amri inayotuma jina na paswedi bila brauza), usijaribie kwenye brauza kwa sababu nayo inashikilia paswedi ya Basic (ile njia ya kulogin kwa kisanduku cha brauza) mpaka uifunge, utachanganyikiwa bure. Zikipita na bado inafungua basi angalia mstari wa AuthBasicProvider (unaosema paswedi zitafutwe wapi), mara nyingi unakuta pameandikwa file halafu ldap, na kwenye lile faili la zamani jina la karani bado lipo na paswedi yake ya miaka hiyo. Hilo ndo la kufuta.

Ila dakika kumi kwa mtu aliyeondoka kwa ugomvi na anayeona malipo ya wakulima ni nyingi mno. Siku ya kumtoa mtu zima Apache kabisa, iwashe upya, kumbukumbu yake ya LDAP inaondoka. Wengine wanaweka TTL sifuri kwa woga, mimi sishauri, Basic inatuma paswedi kwa kila ombi, kila picha kila faili la css, LDAP yako italemewa ndani ya wiki ya kwanza ya mnada. Sekunde 60 zinatosha ofisi ndogo. Na kama mfumo una fomu yake ya kulogin na kuki (alama inayobaki kwenye brauza ya aliyeingia), kubadili paswedi peke yake hakumtoi aliyekwisha kuingia, futa na sesheni zake (kumbukumbu kwamba kaingia) kwenye seva.

Mtwara mjini, Ligula: Tumeweka Nginx mbele ya mfumo uwe na kasi, sasa mtu akilogin anakuta jina na taarifa za mtu mwingine.

Dada, zima kashe ya Nginx sasa hivi ndo uendelee kusoma. Kwa kawaida Nginx haihifadhi jibu lenye Set-Cookie (linalompa mtu kuki) na inaheshimu Cache-Control (maelekezo ya kuhifadhi au kutohifadhi jibu), kwa hiyo nina wasiwasi kuna mtu aliweka proxy_ignore_headers, mstari wa kuiambia isijali maelekezo hayo, ili kashe ifanye kazi kwa nguvu, na ule ufunguo wa kawaida wa kashe unaangalia anwani ya ukurasa tu, kuki haumo, kwa hiyo ukurasa wa Asha na wa Juma kwake ni kitu kimoja. Ondoa huo mstari, futa mafaili yote kwenye folda ya kashe, halafu weka proxy_cache_bypass na proxy_no_cache zote mbili zikiangalia kuki ya sesheni. Wengi wanaweka moja tu: bypass pekee inakwepa kusoma kashe lakini jibu jipya bado linaandikwa humo, atakayekuja bila kuki ndo atalipata. Programu yenyewe itume Cache-Control: private, no-store kwenye kila ukurasa wa mtu binafsi. Kisha ongeza hedha (mstari wa maelezo unaotangulia jibu) inayoonesha $upstream_cache_status, ingia na akaunti mbili kwenye simu mbili, ukiona HIT, yaani jibu limetoka kwenye kashe, kwenye ukurasa wa akaunti bado hujamaliza.

Na waambieni walioonwa taarifa zao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawagusa moja kwa moja, usikae kimya ukidhani haijaonekana.

Lindi: Nina steshenari, wateja wakishatoka kwenye akaunti anayefuata akibonyeza kurudi nyuma anaona fomu ya mwenzake.

Mwenye mfumo ndo anatakiwa kuweka no-store. Wewe kwa upande wako tumia dirisha la siri la brauza kwa kila mteja na ulifunge lote akiondoka, sio tabu moja.

Nachingwea: Umeme ulikatika, uliporudi kila mtu anakataliwa kulogin. Nimefuta kashe zote hamna kitu.

Hii wala sio kashe kaka, angalia saa ya seva. Andika timedatectl, ukikuta mwaka wa nyuma basi betri ndogo ya kwenye bodi imekufa, na tokeni (tiketi za kuingilia) zenye muda zinakataliwa kwa sababu kwa seva hazijaanza kutumika, Kerberos (mfumo wa kuthibitisha watumiaji kwa tiketi) ndo usiseme, saa zikipishana zaidi ya dakika 5 inagoma. Badili betri, washa chrony, programu ya kuweka saa sawa kupitia mtandao.

Masasi: Karani akienda kwenye mzani akirudi anakuta katolewa. Mfumo ni wa PHP.

Usipogusa kitu session.gc_maxlifetime, muda wa sesheni kukaa bila kutumika, ni sekunde 1440, dakika 24, na foleni ya magunia inazidi hapo. Ipandishe hadi masaa mawili, lakini ile kompyuta ijifunge skrini yenyewe baada ya dakika chache, maana hapo ghalani wanapita watu wengi.