Msikilizaji Akisema Umekosea: Namna ya Kupokea Maoni ya Podikasti ya Siasa na Hoja

Wiki hii nimeandikiwa na kijana anayeendesha podikasti ya siasa na uchumi huko Umoja, Nairobi. "Kaka, kila tukigusa serikali au upinzani, WhatsApp inafurika. Huyu anasema tumelipwa, yule anatutukana mama. Si tufunge tu maoni, tubaki na kipindi?"

Msifunge. Podikasti ya mambo ya sasa ikikosa wasikilizaji wa kuisahihisha, makosa yake huzoeleka hadi watangazaji wenyewe wakayaamini. Kinachowachosha hapo Umoja ni kwamba kila ujumbe unaingia kwa mlango mmoja na kujibiwa na yeyote aliyeishika simu kwanza. Hilo lina dawa.

Anzeni na laini moja ya kipindi, isiwe namba ya mtangazaji. Wekeni WhatsApp Business, kwa sababu ina lebo. Lebo nne zinatosha: kosa la ukweli, hoja, sauti na muda, vitisho. Matusi matupu hayahitaji lebo, yanafutwa. Kisha fungueni jedwali lenye safu sita: tarehe, kipindi, dakika na sekunde, maneno yaliyosemwa hewani, msikilizaji anasema nini, tumefanya nini. Safu ya mwisho ndiyo watu huacha wazi, na ikiwa wazi jedwali zima halina kazi.

Lebo ya kwanza, kosa la ukweli, ndiyo yenye uzito kuliko nyingine zote kwa pamoja. Ujumbe wa namna hiyo mara nyingi huja umefungwa ndani ya hasira: "Nyinyi mnadanganya watu!" Ondoa hasira, tafuta dai. Sikiliza tena sekunde ile inayolalamikiwa, andika maneno neno kwa neno, ndipo ufungue chanzo chenyewe. Kama ni mswada, soma mswada. Kama ni kauli ya Bungeni, tafuta Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge. Uteuzi na tangazo rasmi viko kwenye Gazeti Rasmi la Kenya, matumizi ya serikali yako kwenye ripoti za Msimamizi wa Bajeti, na takwimu za watu na bei ziko kwa KNBS, shirika la takwimu la taifa. Habari ya gazeti la kawaida haitoshi, maana huenda ndiko kosa lilikotoka.

Makosa yenyewe yanajirudia sana. La kwanza ni kuchanganya asilimia na pointi za asilimia. Julai 2023 kodi ya VAT ya mafuta ilitoka asilimia 8 ikawa asilimia 16. Mtangazaji akisema "imepanda kwa asilimia 8", msikilizaji anayejua hesabu atapiga kelele, na ana haki: imepanda kwa pointi 8, yaani imeongezeka maradufu. La pili ni kujumlisha makato bila kusema nani analipa. Ada ya nyumba chini ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 ni asilimia 1.5 kwa mfanyakazi na asilimia 1.5 kwa mwajiri. Anayesema "unakatwa asilimia 3" amemwongezea mfanyakazi mzigo wa bosi wake. Mtu wa mshahara wa shilingi 40,000 anakatwa shilingi 600 za nyumba, na shilingi 1,100 za bima ya afya ya SHIF kwa kiwango cha asilimia 2.75. Tamka hesabu kwa shilingi za mshahara halisi, na nusu ya malalamiko hayatazaliwa. La tatu ni kusema "Bunge limepitisha" wakati mswada umesomwa mara ya pili tu. La nne, bilioni kuwa milioni, na hilo hutokea kinywani hata karatasi ikiwa sahihi.

Ukishathibitisha kosa, kubadilisha faili pekee hakutoshi. Huduma nyingi za kupangisha podikasti hukuruhusu kupandisha faili jipya mahali pa lile la zamani bila kuharibu mlisho, yaani orodha ya vipindi inayosomwa na programu za kusikilizia. Lakini aliyekwisha kupakua anabaki na lile bovu kwenye simu yake, na huyo ndiye aliyesikia kosa. YouTube ndiyo ngumu zaidi: unaweza kukata kipande, ila huwezi kuweka video mpya kwenye kiungo kilekile. Kwa hiyo masahihisho yanakwenda sehemu tatu. Yaandikeni juu kabisa kwenye maelezo ya kipindi, pamoja na dakika na sekunde. Yabandikeni juu ya maoni ya YouTube. Na yatamkeni katika dakika mbili za mwanzo za kipindi kinachofuata, si mwishoni, ambako wengi wameshatoka.

Yatamkwe hivi: "Kipindi kilichopita, dakika ya 14, tulisema mfanyakazi anakatwa asilimia 3. Si kweli. Anakatwa asilimia 1.5, mwajiri naye analipa asilimia 1.5. Msikilizaji wetu wa Githurai ndiye aliyetuonyesha." Basi. Usianze na "kama kuna mtu aliyekwazika". Hakuna aliyekwazika hapo, kuna namba iliyokuwa mbovu.

Sheria nayo iko upande wa anayelalamika. Ibara ya 35(2) ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kutaka habari za uongo au za kupotosha zinazomwathiri zisahihishwe au zifutwe. Mahakama Kuu iliondoa kashfa kama kosa la jinai mwaka 2017, lakini kesi ya kudai fidia ipo palepale, na muda wa kuifungua ni miezi 12. Hifadhini rekodi ghafi ya kila kipindi, kabla ya kuhaririwa, kwa muda unaopita huo. Bila rekodi, mtabishana kwa kumbukumbu.

Sasa hii ya "mmelipwa". Kuna faraja moja ya uongo inayozunguka studio za Nairobi: kwa kuwa upande wa serikali umekasirika na upinzani nao umekasirika, basi sisi tuko katikati. Hapana jamani. Pande zote mbili zinaweza kuwa na hoja dhidi yenu, na zote mbili zinaweza kukosa hoja. Hasira yao haipimi kazi yenu. Pimeni kazi yenyewe: chukueni vipindi kumi vilivyopita, hesabuni dakika alizozungumza kila mgeni, ametoka upande gani, ni mwanamke au mwanamume, anatoka eneo gani la nchi, na amekatizwa mara ngapi. Safu hiyo ya kukatizwa ndiyo inayouma. Mtangazaji anayemwacha mgeni mmoja amalize kila sentensi na kumdakia mwingine ana upendeleo unaosikika hata kama dakika zao zimelingana. Matokeo yakitoka, yatajeni hewani.

Tena, msichukue ujumbe mlioupokea kuwa ndiyo maoni ya Wakenya. Wanaoandika ni wachache miongoni mwa wanaosikiliza, na mara nyingi ni walewale. Hesabuni watu, si jumbe. Namba moja iliyotuma sauti saba ni mtu mmoja. Jumbe zenye maneno yaleyale na makosa yaleyale ya tahajia, zilizoingia ndani ya saa moja, ni kampeni. Ziandikeni mstari mmoja, mjibu hoja yake mara moja. Upande wa pili wako wasiosema kitu, nao wanasikika kwenye mchoro wa YouTube au Spotify unaoonyesha watu wanaacha kusikiliza dakika gani. Mteremko katika dakika ya pili kwa kawaida ni utangulizi mrefu. Mteremko mkali katikati, hebu sikilizeni hapo: mara nyingi watangazaji wawili wameanza kutaniana wenyewe kwa wenyewe.

Kuhusu sauti na muda nitasema kwa ufupi. "Hamsikiki kwenye matatu" ni taarifa ya kiufundi, si tusi. Toeni kipindi kwa kiwango cha LUFS -16 (kipimo cha ukubwa wa sauti), au -19 kama faili ni la chaneli moja (mono), na kilele kisizidi dB -1. "Mnakula bando" pia ni kweli: dakika 40 kwa kbps 128 ni takriban MB 38, kwa kbps 64 chaneli moja ni MB 19, na mazungumzo matupu hayapotezi kitu cha maana.

Mkitaka sauti za wasikilizaji hewani, ombeni sekunde 60, jina la kwanza na mtaa, hoja moja, simu ikiwa shubiri moja kutoka mdomoni, ndani ya nyumba. Faili la WhatsApp huja katika umbo la Opus ambalo programu za zamani za uhariri hazilifungui, basi ligeuzeni kuwa WAV kwanza. Kateni masafa ya chini ya Hz 80 kuondoa upepo na mngurumo. Punguzeni kelele kwa dB 6 hadi 9. Mkipita 12 sauti inaanza kububujika kama iko ndani ya maji. Msiongeze masafa ya juu ya kHz 8, kwa kawaida hakuna kitu huko. Na angalieni alama ya kusambazwa: mishale miwili maana yake rekodi imepita mikono mingi, kwa hiyo aliyekutumia pengine si mwenye sauti. Hiyo haipigwi hewani.

Idhini iwe ya maandishi, palepale kwenye mazungumzo: "Tunaomba kutumia sauti yako katika kipindi. Tukutaje kwa jina gani?" Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu hata mkiwa watu watatu na maikrofoni mbili. Picha za skrini zenye namba ya simu ya mtu zisitoke nje ya jedwali. Mtumishi wa umma akiwaletea habari nyeti, msidhani kubadilisha unene wa sauti kunamficha. Unene huo unaweza kurudishwa ulivyokuwa, na wenzake kazini wanaijua namna yake ya kuzungumza. Maneno yake yaandikwe upya, yasomwe na mtu mwingine.

Sehemu ya maoni yenyewe isizidi dakika sita katika kipindi cha dakika 40. Chagueni hoja kali kuliko zote dhidi yenu, muisomee umma yote, ndipo mjibu. Kusoma ujumbe dhaifu wa mpinzani ili mucheke ni uonevu, na wasikilizaji wanaubaini haraka. Aliye na hoja nzito apigiwe simu, arekodiwe dakika tano, ajibiwe akiwa anasikia.

Ujumbe unaolaumu kabila zima hausomwi hewani hata kwa kisingizio cha "tuujadili". Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inahusu pia anayesambaza. Ufuteni. Kitisho kwa mtu hakifutwi kwanza: pigeni picha ya skrini yenye jina la akaunti, kiungo na saa, kisha muipeleke picha hiyo polisi, ndipo mkiondoe.

Na kabla ya kutoa kipindi chenye mgeni mwanamke anayesema siasa, mwambieni saa kitakapotoka, wekeni kwenye YouTube orodha ya maneno ya kuzuia, ya Kiswahili, ya Sheng na yale yanayoandikwa kwa tarakimu katikati ili yapite, na mmoja wenu akae kwenye maoni saa tatu za mwanzo. Kama hakuna wa kukaa, kitoeni kesho yake asubuhi.