Nikitafuta kosa langu kwenye hasara, je, nimepinga kadari?

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh wangu. Nauza zabibu hapa Dodoma mjini. Msimu huu nilinunua zabibu za shamba zima kule Mpunguzi zikiwa bado maua, nikamlipa mkulima pesa yote mkononi. Nusu ya mtaji ilikuwa mkopo wa kausha damu, ule wa mtaani wenye riba kubwa. Mvua zikazidi, ugonjwa ukaingia, nikaambulia kreti chache. Kila nikikaa kuhesabu nilipokosea, wenzangu wananikataza: usiseme "lau ningefanya hivi", hilo neno la shetani, hiyo ndiyo riziki yako. Mwingine anasema nina mkosi. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullah. Pole sana, mwanangu. Nimeitazama picha ya kishada uliyonitumia: punje zimefunikwa unga mweupe kama zimemwagiwa majivu, nyingine zimepasuka. Najua uchungu wa mtu aliyebeba kitu kama hicho hadi Soko la Majengo na kurudi nacho nyumbani.

La mkosi lisikuchukulie muda. Mtume (s.a.w.) amekataza kuamini mikosi, basi usimpe mtu hata shilingi eti akusafishe nyota.

Hilo la "lau" ndilo zito. Hadithi ni sahihi, ameipokea Imamu Muslim kutoka kwa Abu Huraira, ila wenzako wamekusomea mkia wakaacha kichwa. Kabla ya kukataza neno hilo, Mtume (s.a.w.) alisema kwamba muumini mwenye nguvu ni bora kuliko muumini dhaifu, na kila mmoja ana kheri, kisha akaamrisha: lipupie lenye kukunufaisha, mtake msaada Allah, wala usilegee. Utalipupiaje lenye manufaa kama hujui lililokudhuru? Na yeye mwenyewe katika Hija ya kuaga, mwaka wa 10 Hijria, aliwaambia masahaba kwamba lau angelijua mwanzo alichokuja kukijua baadaye, asingelikuja na wanyama wa kuchinja. Wanazuoni wakaeleza kuwa lau iliyokatazwa ni ya kugombana na kadari, ile ya mtu anayekesha akijitafuna roho kwa lililokwisha pita. Kukaa na daftari lako ukatafuta penye tundu si hiyo.

Soma Suratu Aal Imran, aya ya 165. Waislamu wamepigwa katika vita vya Uhud baada ya wengi wa wapiga mishale 50 kuacha kilima walichoamriwa wasikiache. Wakauliza: haya yametoka wapi? Wakajibiwa: yametoka kwenu wenyewe. Kisha aya ya 166 inasema yaliyowapata siku ile yalikuwa kwa idhini ya Allah. Aya mbili zimekaa bega kwa bega, moja inakuonyesha kosa lako na ya pili inakutuliza moyo, na wewe unazihitaji zote mbili. Wenzako wamekupa ya pili peke yake.

Sasa tufungue daftari. Mvua haikuwa mikononi mwako. Kununua maua kulikuwa mikononi mwako. Mtume (s.a.w.) amekataza kuuza matunda kabla hayajaonyesha kukomaa, na zabibu zimetajwa kwa jina lake: mpaka ziwe nyeusi, kama ilivyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi kutoka kwa Anas. Zile zisizokuwa nyeusi, subiri zilainike na kuingia utamu. Sababu nayo ameisema: Allah akilizuia tunda, mmoja wenu ataihalalishaje mali ya ndugu yake? Ni kama anakuzungumzia wewe na huyo mkulima. Msimu ujao nunua kwa kilo, zikiwa zimeiva unaziona. Ukitaka kulipa kabla, ipo njia ya salam: uzani unajulikana, aina inajulikana, tarehe inajulikana, bei yote inalipwa siku ya mkataba, wala hamjifungi kwenye shamba moja maalumu, ili ugonjwa ukilipiga hilo mzigo utoke kwingine. Mwandikiane, mweke mashahidi. Na uwauzie wanaokula. Kumuuzia mtengeneza mvinyo huku unajua haifai, hata akiongeza bei.

Kausha damu sitailainisha: ni riba, na tundu hilo lingekuzamisha hata zabibu zingenawiri. Tubu, usikope kwingine kuziba hapo, nenda ukaombe ulipe asili, yaani kile ulichokopa bila riba, kidogo kidogo.

Limebaki ambalo hukuuliza. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, mauzo yale hayakusihi, yaani ni batili, kwani tunda halikuwa limekomaa wala hamkushartiana kulikata papo hapo. Kwa hiyo pesa ile asili yake ni haki yako irudi, na thamani ya kreti ulizovuna ni haki ya mkulima. Lakini huenda ameshailipia ada za watoto na dawa za shamba, na yeye pia hakujua hukumu hii. Usiende na hasira. Mchukue mzee mmoja anayeheshimika kwenu wote, mkae chini ya mti hapo shambani, umsomee hadithi ya Anas taratibu, kisha msuluhishane mnachoweza: arudishe kiasi, au akupe zabibu msimu ujao zikishaiva, kwa kilo mtakazoandikiana. Kama hana kitu, Suratul Baqara aya ya 280 inataka mwenye dhiki angojewe. Nipigie mkishaonana, na kama hamtaelewana nitakuja mwenyewe Mpunguzi.