Biira mwanangu, lile swali lako la intanshipu

Biira mwanangu,

Ile sauti uliyonitumia WhatsApp nimeisikiliza asubuhi, alafu nikairudia usiku baba yako alipofika ili naye asikie. Unauliza ukubali ile nafasi ya Kampala, miezi sita bila malipo na hata nauli hawatoi, au uendelee kutuma maombi ya nje, Ujerumani, Marekani, popote, na kungoja. Unasema umetuma imeli mpaka umechoka na wengi hata kukukatalia hawakukatalii, wananyamaza tu. Pole sana mama. Baba yako amesema ukubali Kampala, akaenda kulala. Mimi nimebaki na simu mkononi, manake katika ile sauti yote ndefu kuna kitu sikukisikia popote: unataka ukachunguze nini?

Usiniambie mazingira. Mazingira ni kila kitu, hata takataka za soko la Kasese ni mazingira. Nauliza ni kitu gani ukikiona kinakusumbua mpaka utake kujua kwa nini kiko hivyo. Utanisikia nikilisema hili mpaka uchoke lakini ndivyo ninavyoamini: mtu wa utafiti anakuchukua kwa swali lako, hakuchukui kwa cheti chako. Vyeti anavyo kila mtu. Makerere wanatoa, Mbarara wanatoa, Kyambogo wanatoa, na huyo profesa wa nje kwenye imeli yake wamejaa wenye vyeti kama chako kutoka nchi zote, wote wameandika "nina ari kubwa ya kujifunza".

Unamkumbuka yule dada wa Bushenyi aliyelala chumbani kwenu na Masika baada ya mafuriko? Ulikuwa praimari bado. Mto Nyamwamba ulikuja tarehe 1 Mei 2013, sikukuu ya wafanyakazi, na wiki zilizofuata Kilembe ikajaa magari, serikali, Msalaba Mwekundu, waandishi wa habari, alafu watafiti. Mmoja wao alikuwa kijana wa PhD kutoka chuo kimoja cha nje, sikitaji jina, na huyo dada alikuwa intanshipu kwake, hapewi hata shilingi, kazi yake kubeba vyombo na kumtafsiria. Wakasikia kwamba pale shuleni kwetu kuna kipima mvua na kuna mwalimu anayekisoma. Wewe unakijua, si ndiwe uliyekuwa unanishikia ile glasi saa tatu asubuhi na kunisomea milimita kwa sauti ya kugombana.

Nikawatolea madaftari. Kijana akayapiga picha harakaharaka, akafurahi kweli, akaanza kusema ameona mvua kubwa kubwa zinaangukia Jumatatu, akawa ameshaingia na hilo kwenye laptopu yake. Yule dada hakuwa anaangalia namba, alikuwa anaangalia pembeni. Akaniuliza, mwalimu, hii nyota ndogo uliyoweka hapa ni ya nini? Nikamwambia Jumapili geti la shule hufungwa, maji yanabaki kwenye chupa ya ndani, Jumatatu nasoma ya siku mbili kwa pamoja, nyota ndiyo inasema hivyo. Basi. Ni swali dogo tu, lakini hakuna mtu aliyewahi kuniuliza, miaka yote ile natuma karatasi zile na hakuna aliyeuliza. Yale mawingu yote ya Jumatatu yakaisha palepale, ilikuwa ni Jumapili na Jumatatu zimekaa kwenye mstari mmoja.

Alafu kikaja kile kingine. Mvua niliyoandika siku za mafuriko haikuwa ya ajabu. Ilikuwa mvua, ndiyo, ila tulishawahi kuandika kubwa kuliko ile na mto haukutoka. Kijana akasema basi mwalimu amesoma vibaya. Alilisema mbele yangu, kwa Kiingereza, na mimi nafundisha Kiingereza. Biira, mwanangu, nilinyamaza kwa sababu walikuwa wageni na chai ilikuwa mezani. Yule dada ndiye aliyejibu, akasema labda maji hayakuanzia hapa. Na ndivyo ilivyokuwa, baadaye wataalamu walikuja kueleza vizuri kwamba mwaka mmoja kabla, 2012, moto uliunguza mimea huko juu kwenye Rwenzori mto unakotokea, mlima ukabaki hauna kitu cha kushika maji wala udongo, mvua iliponyesha kule juu ardhi ikaporomoka ikaingia mtoni na mawe na magogo. Kipima changu kilikuwa kinasema ukweli wa pale kilipo. Hakuna siku nilifurahi kama siku niliposoma hayo, nilimwamsha baba yako.

Lakini kijana aliondoka na daftari moja, la asili, ati atalirudisha wiki ijayo. Mpaka leo. Na kazi yake ilipotoka dada yako Masika aliitafuta kwenye intaneti tukaisoma wote, ukurasa wa shukrani yupo dereva, yupo mwenye hoteli, mimi simo. Inaniuma bado na sioni kwa nini isiniume.

Yule dada yeye usiku wake wa mwisho hapa kwetu alikaa na taa ya sola akanakili kurasa kwa mkono, na nyota zangu zote. Aliporudi kwao akamwandikia mhadhiri mmoja, hakuandika "naomba nafasi", aliandika kwamba ana kumbukumbu za mvua za bondeni, ana tofauti kati ya mvua ya bondeni na mto ulivyofanya, na anataka kujua vipi mvua za juu mlimani ambako hakuna kipima zinaweza kukadiriwa. Akapata masta, na posho ya kuishi. Kwa swali, si kwa cheti, na cheti chake kwa taarifa yako hakikuwa first class.

Sasa najua unachosema hapo ulipo. Unasema mama, huyo dada wako alifanya kazi bure, kwa hiyo unaniambia nikubali bure. Hapana, sijasema hivyo. Kwanza mimi kazi ya bure siipendi, ukiangalia vizuri kazi ya bure ni ya mtoto mwenye mjomba Kampala, wa kwetu huku nani atampa pa kulala, na ofisi inayotaka kijana afike saa mbili asubuhi kila siku miezi sita inajua kabisa kwamba nauli inatoka mfukoni mwa mzazi. Yule dada alilala kwetu na akala bundu yetu ndiyo maana aliweza. Shangazi yako yuko Kajjansi, karibu na Kampala, ndiyo, lakini unaijua nyumba ile na unajua watu waliomo. Kwa upande mwingine, bila kuja huku bure asingeiona ile nyota. Nikifika hapo nakwama. Labda tofauti ni kwamba alikuwa mahali ambapo data inatoka, anagusa kitu chenyewe. Kama angekaa ofisini anapanga mafaili miezi sita angepata nini, barua ya shukrani yenye muhuri.

Kwa hiyo ukishajua swali lako utajua pa kugonga. Kama ni samaki na maji ya ziwa, NaFIRRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa uvuvi, wako Jinja. Kama ni msitu, Makerere wana kituo chao Kanyawara ndani ya Kibale na Mbarara wana kile cha Ruhija, Bwindi, na kule watafiti wanakaa humohumo, ukibeba chombo cha mtu asubuhi jioni unakula naye meza moja. Kama ni mawe na ramani, Idara ya Jiolojia na Madini pale Entebbe, ile kazi ya kupima miamba ya nchi hii ilianza 1919 na makaratasi mengi ya zamani yako kule. Kama ni satelaiti na hali ya hewa, usitazame Ulaya tu, Nairobi hapo kuna RCMRD, kituo cha kanda cha ramani na satelaiti, wapo tangu 1975 na Uganda ni mwanachama, na ICPAC, kituo cha hali ya hewa cha IGAD, ile jumuiya ya nchi za upande wetu huu wa Afrika, na basi la Nairobi linaondoka kila siku. Hata Fort Portal, kilomita sabini na kitu tu kutoka hapa, chuo kikuu cha Mountains of the Moon wamefanya kazi na watu wa kawaida wa vijijini, wanaripoti maporomoko na mafuriko na matetemeko kwa simu zao. Wakulima, Biira. Umewahi kuwaandikia? Unaishi nao jirani na umeandika Ujerumani.

Na hao wa nje unaowataka, huyo dada alinifundisha kitu. Mtafiti wa nje haanzi kazi Uganda bila kibali cha UNCST, baraza la taifa la sayansi na teknolojia, na akitaka kuingia hifadhini anahitaji na cha UWA, mamlaka ya wanyamapori, kwa hiyo mradi wake huwa una taasisi ya hapa nyumbani, una mhadhiri wa hapa ambaye jina lake limo kwenye makaratasi. Huyo ndiye wa kumwandikia kwanza. Anajua mradi unaanza lini, anajua kama watahitaji mtu wa kuchukua sampuli, na ukimwandikia kwa swali la maana anasoma kwa sababu wanaomwandikia hivyo ni wachache.

Nafasi za Marekani zile za utafiti wa kiangazi wanazoziita REU, zinazolipwa na NSF, shirika la serikali yao la kugharamia sayansi, acha kupoteza bando, pesa zake ni za raia wao na wakaazi wa kudumu, haikuhusu wewe hata ungekuwa wa kwanza darasani. Ila masta na PhD za kule ni jambo jingine, profesa mwenye fedha za mradi anaweza kukulipia ada na posho, na ndiyo maana unamwandikia yeye kabla ya kujaza fomu za chuo. Ujerumani na Ubelgiji nafasi nyingi za PhD ni ajira, inatangazwa kama kazi na ina mshahara. DAAD, wale wa Ujerumani wa kufadhili wanafunzi, nao unawajua. Na mtu yeyote akikuambia lipa kwanza ndipo tukupe intanshipu, huyo mfute kwenye simu.

Barua iwe fupi. Wewe unaandika ndefu kama baba yako, unaanza na kuzaliwa. Mwambie kazi yake ipi umeisoma na wapi imekuacha na swali, mwambie unachoweza kufanya kwa mikono yako, uambatishe kitu kimoja ulichokifanya. Hapo usiniambie huna maabara. Picha za satelaiti za Landsat zimeanza 1972 na tangu 2008 ni bure, QGIS, programu ya kuchora ramani, ni bure, laptopu ya Masika iko nyumbani haifanyi kitu. Tengeneza ramani ya bonde letu kabla na baada ya 2013, na tena baada ya Mei 2020 mto uliporudi ukaingia hospitali ya Kilembe. Ramani moja nzuri itasema zaidi ya hiyo sivii yako yote.

Na sasa nitasema kitu nilichotaka nisikiseme ili swali liwe lako, si langu. Ulipokuwa mdogo tukishuka njia ya mto ulikuwa unanisumbua kwa nini pale penye mabaki ya shaba hapaoti hata jani, na kwa nini maji yale yana rangi ya kutu. Sikuwa na jibu. Babu yako alichimba shaba hiyo, mgodi wa Kilembe ulianza kutoa 1956 akaingia kijana, na mchanga walioutupa kando ya mto bado uko pale, kila mafuriko yanaumega na kuushusha chini, mpaka Ziwa George ambako watu wanavua na wanakula. Ziwa hilo lipo kwenye orodha ya Ramsar, ile ya dunia ya ardhioevu muhimu, tangu 1988, ndilo la kwanza Uganda, na sisi tulio juu yake tunalipelekea maji hayo. Kiasi gani kinafika, kinakaa wapi, kinaingia kwenye majimbi ya nani? Wapo waliochunguza, soma kazi zao uone wameishia wapi. Hakuna binti wa Ujerumani anayeweza kuuliza hilo kama wewe, kwa sababu wewe umelima pale.

Nimeacha. Ni lako.

Kuhusu Kampala sisemi kubali na sisemi kataa. Baba yako ameshasema, mimi sitaki uwe na amri mbili. Ila wapigie leo uwaulize nani hasa atakusimamia, kwa jina, na data gani utaigusa kwa mkono wako, na kama unaweza kwenda fildi hata mara moja. Wakikujibu vizuri, nauli tutaitafuta, nitauza wale mbuzi wawili, nimeshaongea na jirani. Wakikuambia utaanza kwa kupanga mafaili kisha wataona, basi, nimesema sisemi, lakini unanijua.

Masika anakuja huko Ijumaa. Kabla ya hapo niandikie swali lako, sentensi mbili tu, kwa Kiswahili chetu ili na baba yako asome. Likiwa la mto nitampa Masika madaftari ya mvua akuletee, nakala lakini, ya asili hayatoki tena nyumba hii.

Mama yako