Shropshire siku mbili, bila gari, ukiwa na mama

Dada, kwa siku mbili na mama bila gari huko Shropshire, jimbo la Uingereza, fikieni mji wa Shrewsbury, alikozaliwa mwanasayansi Charles Darwin mwaka 1809. Mto Severn umeuzunguka karibu pande zote, na katikati kunatembeleka kwa miguu. Kesho yake pandeni treni ya kusini hadi Ludlow: ngome iliyoanza kujengwa karne ya 11, soko mbele ya lango lake, na vichochoro vya nyumba za mbao. Njiani, Church Stretton, mtaona vilima vya Long Mynd. Miteremko ni mikali, mama asilazimishwe. Ironbridge, penye daraja la chuma la mwaka 1779, la kwanza kubwa duniani, hapana treni. Mimi ningepaacha kwa sasa, niipe Ludlow siku nzima. Makoti ya mvua msisahau, hata Julai.