Nyuki wawili tu wakamuuma akaanguka, tumpeleke kwa daktari gani?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi msomaji wako niko Sikonge huku Tabora. Mume wangu anarina asali, kazi kairithi kwa baba yake, toka utoto nyuki wanamuuma anavimba kidogo maisha yanaendelea. Sasa mwezi wa sita kaumwa na nyuki wawili tu shingoni, hata dakika kumi hazijaisha akasema naona giza, akaanguka hapohapo chini ya mzinga. Hakutoka vipele wala mdomo haukuvimba. Wenzake wakampakia kwenye boda wamemkalisha katikati, njia nzima anazimia anaamka, kituo cha afya wakakuta presha imeshuka sana wakamchoma sindano na dripu akarudi. Kumbe mwaka jana nako alianguka hivyohivyo baada ya sindano ya diklofenaki ya mgongo. Ana na vidoa vya kahawia mapajani na tumboni, vya miaka mingi, akioga maji ya moto vinawasha, tulijua ni fangasi. Kijana mmoja hapa jirani anasoma udaktari ndo katuambia yanaweza kuwa matatizo ya seli za masti tutafute bingwa, lakini kila tunayemuuliza anashangaa, na ndugu wanasema karogwa sababu ya mizinga. Tuanzie wapi?
Mke wa mrina asali, Sikonge

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana, na huyo kijana mpeni soda. Siwezi kumpima mtu kwa barua ila maelezo yako yamenishtua. Mwanaume mzima anaumwa na nyuki anaanguka presha chini bila kipele hata kimoja, halafu ana vidoa vinavyowasha kwenye joto, hiyo ndo picha madaktari wanaojua ugonjwa huu wanayoitafuta. Seli za masti kila mtu anazo, zinakaa chini ya ngozi, kwenye utumbo, kwenye mapafu na kuzunguka mishipa ya damu, zimebeba vifuko vya histamini na kemikali zingine, na si habari mpya, Paul Ehrlich wa Ujerumani alizieleza mwaka 1878. Kuna watu zinazidi idadi, hiyo inaitwa mastositosisi, na kuna wengine idadi ni ya kawaida ila zinamwaga mzigo wake ovyo. Sumu ya nyuki inaweza kuzichokoza, diklofenaki na aspirini pia, pombe, joto, dawa kali za maumivu kama mofini. Kwa hiyo ndugu waambieni mchawi hapa hayupo.

Sasa daktari. Ukienda unauliza "daktari wa seli za masti" utazunguka mpaka uchoke, manake hakuna mlango ulioandikwa hivyo. Wewe tafuta daktari wa ngozi na daktari wa damu, hao wawili ndo wenu. Anzeni hapo kituo cha afya mpate barua ya rufaa kwenda Kitete, hospitali ya mkoa wa Tabora, na kama mna bima msiruke hiyo hatua mtakuja kulipa mfukoni. Kitete ombeni rufaa ya juu, Bugando Mwanza au Muhimbili kwa upande wa damu. Kwa ngozi kuna KCMC Moshi, pale kuna kituo kinachofundisha madaktari wa ngozi tangu miaka ya tisini, ni mbali najua, lakini kidoa kimoja kikikatwa kipande kidogo na kupimwa kinaweza kuwapa jibu ambalo mmelitafuta miaka. Daktari wa ngozi atakisugua kidoa kwa kitu butu, mgongo wa peni hata, mara tano hivi, halafu anasubiri dakika chache. Kikiinuka, kikavimba na kuwasha, ameshapata ushahidi mkubwa. Msijaribu nyumbani, mtu wenu anaanguka presha huyo.

Kipimo cha damu kinaitwa triptesi, kitu ambacho seli za masti zinamwaga, na hapa ndo watu wengi wanapoteza nafasi, kwa sababu kina saa zake. Damu ichukuliwe ndani ya saa 4 tangu aanze kuanguka, halafu nyingine akiwa mzima kabisa, angalau siku nzima baadaye, zilinganishwe. Mfano siku ya kawaida ana nanogramu 10 kwa mililita, siku ya tukio ikifika 14 au zaidi basi seli zimemwaga kweli (hesabu yao unazidisha ya kawaida kwa 1.2 unajumlisha 2). Ya kawaida ikiwa juu ya 20 wanashuku mastositosisi na watataka kupima uboho na badiliko la jeni inayoitwa KIT. Maabara nyingi hazina hiki kipimo, pigeni simu muulize kabla ya kupanda basi. Kwa hilo la mwezi wa sita tumechelewa, ila ile ya siku ya kawaida anaweza kupimwa hata wiki hii. Na mwombe nesi wa kituo akuandikie ile presha aliyoikuta siku ile, tarehe na saa na dawa walizompa, karatasi hiyo ina thamani kuliko maneno yangu yote.

Kuna kitu kimeniuma kwenye barua yako, ile boda. Mtu presha imeshuka ukimkalisha wima damu haifiki kichwani, anaweza kufa njiani, kweli kabisa. Alazwe chali, miguu juu, na wambebe amelala, bora guta au nyuma ya pikapu kuliko boda yenye kasi. Dawa ya kwanza ni adrenalini, mtu mzima nusu miligramu kwenye msuli wa paja upande wa nje, inarudiwa baada ya dakika 5 kama hajapata nafuu. Setirizini, kidonge cha mzio, inapunguza kuwasha lakini haiokoi mtu aliyeanguka. Mwombeni daktari awaandikie adrenalini ya kukaa nayo na awafundishe wewe na wenzake wa porini kuchoma. Diklofenaki aikatae kila mahali mpaka bingwa aseme, na akienda kufanyiwa upasuaji wowote aseme mapema.

Na mizinga kwa sasa aiache mdogo wangu, najua ndo ada za watoto, amwachie kaka yake arine yeye abaki kuchuja na kuuza. Ulaya na Marekani watu kama yeye wanapewa sumu ya nyuki kidogokidogo kwa miaka ili mwili uzoee, mkimfikia bingwa muulizeni.

Mama wa Ujiji, Kigoma, uliyeuliza mwanao wa miaka miwili ana madoa yanayovimba ukimsugua na taulo: kwa watoto madoa ya seli za masti mara nyingi yanabaki kwenye ngozi tu na wengi yanapungua wakikua. Mpeleke hospitali ya Maweni wakupe rufaa ya daktari wa ngozi, maji ya kuoga yawe vuguvugu, taulo umguse tu usimsugue.